Bonde Lililomezwa na Mshono

Saa mbili asubuhi, kwenye baraza ya duka la vitambaa mtaani Biryogo, Kigali, cherehani ya Yunusu Nshimiyimana inakwenda polepole kuliko cherehani zote za jirani. Wenzake wanakanyaga kama watu wanaofukuzwa. Yeye anakanyaga mara moja, anasimama, anainama mpaka pua inataka kugusa sindano, anaisogeza kazi yake mbele kidogo, kisha anakanyaga tena.

Mama mmoja aliyeketi kwenye benchi amechoka kungoja gauni lake.

"Muzehe Yunusu, robe yangu iko wapi?"

"Iko nyuma ya Bugesera, mama," anajibu bila kuinua kichwa. "Nikimaliza Bugesera, nafika kwako."

Hatanii. Kilicho chini ya sindano si shuka wala pazia. Ni ramani kuukuu ya Bugesera, ya rangi ya chai, iliyobandikwa juu ya kitambaa cha marekani, yenye vilima vya kahawia na vidoa vya buluu vilivyotapakaa mabondeni. Kila kidoa ni mahali ambapo mtu fulani, mwaka fulani, alichimba au alipima akakuta maji chini ya ardhi.

Yunusu ana umri wa miaka hamsini na mmoja, mke mmoja na watoto sita. Babu yake alifika hapa na wafanyabiashara kutoka Tabora, akaoa, akasahau njia ya kurudi. Ushonaji Yunusu alifundishwa na mjomba wake angali kijana, na mpaka leo kazi inayomlisha ni nguo. Gauni moja humpa faranga mia nne, ramani moja mia sita. Tangu vita vianze huko kaskazini miaka miwili iliyopita, watu wengi wanashonesha nguo mpya kwa Idi na Krismasi tu, na baina ya sikukuu hizo mbili ramani ndizo zinazonunua maharage.

Wateja wa kazi hiyo ya pili hawamjui. Padri anayetaka kisima cha parokia, mfyatua matofali anayetafuta maji ya kukandia udongo, mhandisi aliyetumwa na mradi, wote huenda kwenye ofisi moja ya maji hapa mjini na kuuliza swali lile lile: chini ya kilima chetu kuna nini? Hufunguliwa ramani mezani, wakaweka vidole juu ya vidoa vya buluu. Hakuna anayegeuza ile ramani kuona nani ameishona.

Kazi hiyo ilianza miaka minne iliyopita, kwa suruali. Habiyaremye, mtunza stoo ya ramani katika ofisi hiyo, alimletea Yunusu suruali tatu zilizotoboka magotini.

"Nikamwuliza, wewe unasali sana?" anakumbuka Yunusu, akicheka. "Akasema hapana, mimi natafuta maji."

Mzee Habiyaremye alikuwa akipiga magoti sakafuni nusu siku nzima kila alipokuja mtu kuuliza habari za kisima. Ramani zilikuwa zimekunjwa na kukunjuliwa tangu zama za Wabelgiji hata zikakatika kwenye mikunjo. Nyingine zilikuwa vipande sita, nyingine kumi, na kuna vilima ambavyo mchwa walikuwa wamevila mpaka kileleni. Mzee alitazama kiraka kilichowekwa kwenye goti la suruali yake, akakipapasa, akauliza kama karatasi nayo inaweza kutiwa kiraka.

Mara ya kwanza Yunusu aliharibu. Alishona kwa hatua fupi fupi kama anavyoshona kola, na karatasi ikachanika kwenye matundu kama stempu za posta. Akajifunza kushona kwa hatua ndefu. Akajifunza kupika gundi ya unga wa muhogo na kutia tone la mafuta ya taa, ili mende wasifanye karamu. Akajifunza pia kuloweka marekani na kuianika kabla ya kuitumia, kwa sababu kitambaa kipya kikipata unyevu hurudi na kuwa kifupi, na kikirudi kinavuta nchi nzima pamoja nacho.

Alidhani amekwisha kujua. Hapo ndipo kiangazi cha mwaka huu wa 1992 kilipomkuta.

Masaka iko nje ya mji, upande wa mashariki: migomba, mtama, nyumba moja moja juu ya vilima. Maji yako chini bondeni, kwenye kinamasi, na kiangazi kikikolea huwa na rangi ya chai ya maziwa. Wanawake wa huko waliunda kamati, wakazunguka ofisi baada ya ofisi, mpaka mradi mmoja ukakubali kuwaazima mashine ya kuchimba. Ingekaa Masaka muda mfupi tu, halafu iende Kibungo, ambako watu walikuwa wanaingoja kwa hamu ile ile.

Kazi ya kuonyesha mahali pa kuchimba alipewa Jean-Berchmans, mhandisi wa maji ya chini ya ardhi. Ni kijana mrefu, mpole, ambaye hatembei bila kioo cha kukuzia maandishi mfukoni. Katika karatasi za zamani alikuwa amesoma kwamba kabla ya uhuru Wabelgiji walichimba shimo la majaribio Masaka, wakakuta maji mengi katika mwamba uliopasuka, wakaliziba na kuondoka bila kuweka pampu. Karatasi hizo zilisema shimo limetiwa alama kwenye ramani: duara la buluu lenye msalaba ndani.

Jean-Berchmans alifungua ramani ya Masaka, ile iliyoshonwa vizuri na fundi wa Biryogo. Akatafuta duara. Halikuwapo.

"Nilitafuta na loupe mpaka macho inauma," anasema. "Nikasema, basi, huyu mchoraji alisahau. Nikachukua rula, nikapima kutoka dispansari, nikachagua mahali mimi mwenyewe."

Mashine ilichimba mita sitini. Ilitoa vumbi jeupe, na wafanyakazi wakashuka wamefanana na waokaji mikate. Maji hayakutoka hata ya kulowesha kidole.

Yunusu hakuwa na habari za hayo yote. Alizipata kwa njia ya gauni.

Nyiransabimana ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji ya Masaka. Huuza maharage Biryogo mara mbili kwa juma, na Kiswahili chake amekiokota huko huko sokoni, pamoja na ulimi wa kujibishana na wanunuzi. Alikuwa amempa Yunusu kitenge chenye maua makubwa ya manjano amshonee gauni la siku ya kufungua kisima. Asubuhi moja alilijaribu nyuma ya pazia la duka, akatoka mikono ya gauni imembana juu kama ya mtu anayetekwa.

"Muzehe, mimi nilikupa kitambaa mingi. Ingine iko wapi? Umeikula?"

"Mimi sikukula, mama. Mshono ndiyo inakula. Kila mshono inakula kidogo."

"Basi ambia mshono irudishe ya watu!" Kisha akaketi kwenye benchi na sauti ikamshuka. "Hata irudishe, nitavaa wapi? Kisima imetoa vumbi. Mashine inabaki siku mbili, halafu inakwenda Kibungo."

Yunusu alimpa pole kama inavyopasa, akachukua wembe, akaanza kufumua ubavu wa gauni. Kitenge kikafunguka, na ndani ya mshono likatokea ua zima la manjano, limelala limekunjwa, ambalo hakuna mtu angejua kwamba lipo.

"Nilibaki na wembe mkononi," anasema. "Mama ananiita, Muzehe, Muzehe, mimi simsikii. Nilikuwa naangalia lile ua."

Masaka, alikumbuka, iko mahali karatasi mbili zinapokutana. Na karatasi hizo mbili alikuwa ameziunga kama fundi yeyote mwenye akili zake anavyounga kitambaa: alikata kingo nyeupe, akapandisha moja juu ya nyingine upana wa kidole, ndipo akashona. Mshono usio na akiba hufumuka, hilo kila mwanafunzi wa cherehani hufundishwa siku ya kwanza. Tena, kwa kuwa yeye ni fundi mwenye sifa, alikuwa ameisogeza karatasi ya juu hadi barabara kubwa ikakutana na mwenzake, kama anavyolinganisha maua ya kitenge ili ubavu usionekane umekatwa.

Kidole kimoja kwenye ramani ile ni zaidi ya nusu kilomita. Kwingine duniani labda nusu kilomita ni kitu kidogo. Rwanda, nusu kilomita ni kilima kingine.

Hapa msomaji aelewe kwa nini mtu huyu mzima hakukimbilia ofisini saa ile ile. Nchi iko vitani. Barabarani kuna vizuizi vya askari, na ramani si kitu cha kuchezea. Kwenda ofisini kusema kwa mdomo wako kwamba umekata karatasi za serikali na kuficha kipande cha nchi chini ya uzi, hilo si jambo la kuchekesha hata kidogo. Mkewe, aliposikia, alimwambia anyamaze. Nani atajua?

"Nikamwambia, mimi najua," anasema Yunusu. "Na yule mama ameshonesha gauni ya kisima, na kisima nimekishona mimi ndani. Mficha uchi hazai. Nikachukua wembe yangu, nikaenda."

Habiyaremye ndiye aliyemfungulia mlango. Jean-Berchmans alikuwa mezani, kichwa mikononi, mbele yake ile ramani.

"Patron," Yunusu alisema, na sauti ilimtoka nyembamba kama ya mtoto, "maji yako iko hapa. Iko chini ya uzi."

Hakungoja kuulizwa. Aliomba ruhusa kwa macho, akainama, akaanza kufumua. Alikata nyuzi moja moja, akailowesha gundi kwa kitambaa chenye maji, akainua ukingo wa karatasi ya juu taratibu kama mtu anayefunua mtoto aliyelala. Chini yake kukatokea ukanda wa karatasi safi, rangi zake mbichi kabisa, kwa kuwa jua halikuwa limeuona tangu aufunike. Kulikuwa na bonde zima pale. Kulikuwa na kijito. Na kando ya kijito, duara la buluu lenye msalaba ndani.

Habiyaremye alitazama dari. Jean-Berchmans aligeukia ukutani, mabega yakaanza kumtikisika, na Yunusu akajiambia kwamba sasa askari wanaitwa.

Mhandisi alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akavua miwani na kujifuta macho.

"Mon Dieu, fundi! Natafuta hii kitu na loupe, kumbe iko ndani ya mfuko!" Kisha akawa mtu mzima tena, akasema jambo ambalo Yunusu hulirudia kwa kila anayemsikiliza: "Na mimi niko na makosa. Niliona barabara inapita mahali pa kuunga bila kukatika hata kidogo. Karatasi mbili za zamani haziwezi kupatana hivyo. Ilikuwa mzuri sana. Nilipaswa kushituka, lakini nilifurahi."

Saa hiyo hiyo gari la ofisi liliwashwa. Yunusu aliketi mbele, ramani magotini, wembe mfukoni. Alikuwa hajawahi kufika Masaka, ingawa alikuwa ameishona yote.

Jean-Berchmans alipima upya, mara hii kutoka kwenye karatasi moja tu bila kuvuka mshono. Waliacha barabara, wakashuka katikati ya migomba, wakavuka kijito kilichobaki uzi wa maji, wakaingia kwenye ua wa watu. Uani palikuwa na mwanamke ameinamia bamba la saruji, fimbo mkononi, anapura maharage makavu kwa nguvu zote.

Alikuwa Nyiransabimana.

"Umeleta gauni?" aliuliza.

"Mama," Jean-Berchmans alimwuliza, akionyesha lile bamba, "hii jiwe ni ya nini?"

"Hii? Ni ibuye ry'abazungu. Jiwe ya Wazungu. Nimeolewa nimeikuta hapa. Walisema isiguswe, ni ya kupima nchi." Akalipiga kwa fimbo, maganda yakaruka. "Ni mzuri sana kwa maharage. Haina udongo."

Mhandisi alipiga goti, akapangusa maganda kwa kiganja. Katikati ya bamba, chini ya vumbi la mavuno ya miaka mingi, kulikuwa na kifuniko cha chuma chenye kutu.

"Inua maharage, mama," alisema polepole.

Mashine ililetwa kabla ya jua kuzama, na kesho yake asubuhi wakavunja kifuniko na kuanza kusafisha shimo la zamani. Kilima kizima kilikuja kutazama. Kwanza ilitoka harufu ya kutu, kisha matope mekundu, kisha maji ya rangi ya chai ambayo kila mtu aliyajua, na watu wakanung'unika. Halafu yakaanza kung'aa. Mtoto mmoja alikinga mikono, akanywa, akasema ni baridi, na hapo ndipo makelele yalipoanza.

Nyiransabimana hakupiga kelele. Alisimama ameshika kiuno, akayatazama maji, akautazama ungo wake wa maharage, akakitazama kinamasi kule chini ambako alikuwa ameteremka na jerikani kila jioni ya maisha yake ya ndoa. Kisha akaketi chini palepale kwenye matope na kucheka hata akashindwa kuinuka.

"Mimi mwenyekiti!" alikuwa akisema. "Mimi natembea ofisi zote natafuta maji, na maji iko chini ya maharage yangu!"

Siku ile walibishana kosa ni la nani. Yunusu alisema ni lake, kwani mkono wake ndio ulioshona. Jean-Berchmans alidai nusu yake. Nyiransabimana akasema wanaume hawa wanataka kumnyima haki yake: mtu aliyepura maharage juu ya kisima kwa miaka ishirini na zaidi hawezi kuachwa nje ya hesabu. Hawajaafikiana mpaka leo. Pampu ya mkono imekwisha kufungwa, na maharage yanapurwa kwingine.

Ofisi haikumnyang'anya Yunusu kazi. Ilimrudishia ramani zote alizowahi kuziunga, azifumue moja baada ya nyingine, na ndiyo sababu Bugesera iko chini ya sindano asubuhi hii. Sasa haweki karatasi juu ya karatasi. Jean-Berchmans alimwonyesha alama ndogo za pembeni zinazopaswa kukutana, naye huzipanga ukingo kwa ukingo juu ya marekani, hazipandani wala haziachani, na kila karatasi anaishika kwa mshono wake mwenyewe. Barabara zikikataa kukutana, anaziacha zikatae.

"Fundi wa nguo anaficha mshono," anasema. "Fundi wa ramani, lazima mshono yake ionekane. Mimi nilikuwa sijui hii ni kazi mbili."

Wakati anasema hayo, Nyiransabimana anatokea na gunia lake la maharage, na nyuma yake kijana wa mkokoteni aliyebeba jerikani moja ya njano. Amevaa lile gauni. Mikono imefika mahali pake, na ua la manjano lililokuwa limelala sasa liko ubavuni, wazi, kila mtu analiona.

"Hii ni ya Masaka," anasema, huku kijana akitua jerikani miguuni pa fundi. "Leo usinywe yote. Weka ya kazi."

Kazi yenyewe iko nyuma ya duka, ndani ya beseni kubwa. Yunusu amenunua jora zima la marekani kwa fedha yake, kidogo kidogo, tangu kisima kitoe maji, na anataka kuliloweka lirudi lote kwa maji ya Masaka kabla ya kukata. Mpango wake ni kubandika juu yake ramani zote za maji za Rwanda, karatasi kwa karatasi, ukingo kwa ukingo, ili mtu yeyote kutoka kilima chochote aje aweke kidole chake aone chini yake kuna nini. Jean-Berchmans amemwahidi nakala. Ukuta wa kutosha hawajapata. Nyiransabimana amesema wakikosa ukuta, uani kwake kuna bamba.

Karatasi za kaskazini hawezi kuzipata. Huko kuna vita, ramani zake zimefungiwa, na anayeziulizia huulizwa yeye. Yunusu anajua. Anaikunjua marekani mbele ya mwandishi, mita kwa mita, inachuruzika maji barazani, na kuonyesha pande tatu ambazo amekwisha kuzipinda na kuzishona vizuri. Upande wa nne, wa juu, nyuzi zinaning'inia.

"Huu siupindi," anasema. "Nimeacha nafasi. Zile karatasi zitakuja, na zikija sitaki hata kilima moja iingie ndani ya mshono."

Anaikamua marekani, anaitundika kwenye kamba, anajifuta mikono, kisha anamgeukia yule mama aliyekuwa kwenye benchi tangu asubuhi.

"Haya, mama. Bugesera imekwisha. Simama nikupime tena."